Kwa nini mfalme wa podikasti za michezo alishindwa kwenye runinga?

Jumatano ya Juni 22, 2016, Bill Simmons alitokea kwenye skrini za HBO nchini Marekani na kipindi chake kipya, Any Given Wednesday. Jina kubwa, chaneli kubwa, na wageni wa siku ya kwanza wakubwa pia: nyota wa zamani wa NBA, Charles Barkley, na mwigizaji Ben Affleck.

Novemba 4 mwaka huohuo, HBO ikatangaza kwamba kipindi kimefutwa. Toleo la mwisho likarushwa Novemba 9. Hata miezi mitano haikutimia.

Aliyepigwa chini hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuifanya podikasti ya michezo kuwa kazi kubwa, na mashabiki walikuwa tayari kumsikiliza saa nzima na zaidi, mara kadhaa kwa wiki. Sasa ilikuwaje dakika 30 za Jumatano usiku zikamshinda?

Simmons ni nani hasa?

Alizaliwa mwaka 1969 na ni shabiki wa kutupwa wa timu za Boston. Mwaka 1997, baada ya kukosa nafasi aliyoitaka magazetini, alianza kuandika safu kwenye intaneti. Mwaka 2001 ESPN, chaneli kubwa ya michezo Marekani, ikamchukua aandike kwenye tovuti yake.

Kilichomtofautisha ni kwamba hakuandika kama mwanahabari aliyetoka kuhojiana na kocha. Aliandika kama jamaa aliyekaa kwenye kochi, timu yake imefungwa, na ana hasira nayo. Wasomaji wakajiona wao.

Mwaka 2007 akahamishia stori hizo kwenye podikasti, wakati watu wengi hata hawajajua podikasti ni kitu gani. Wageni wake walikuwa marafiki zake, baba yake mzazi, waandishi wenzake na mastaa wa filamu. Machi 2012, mgeni alikuwa Rais Barack Obama.

Nje ya maiki pia alikuwa moto. Alishiriki kuanzisha 30 for 30, mfululizo wa filamu za kweli za michezo ulioanza 2009, na mwaka 2011 akafungua tovuti ya Grantland chini ya ESPN.

Dalili zilionekana mapema

HBO haikuwa mara yake ya kwanza mbele ya kamera. Mwaka 2012 ESPN ilimweka kwenye NBA Countdown, kipindi cha uchambuzi kinachotangulia mechi. Alikaa meza moja na Magic Johnson, Jalen Rose na Michael Wilbon.

Pale kila mchambuzi ana sekunde chache za kusema neno lake kabla ya matangazo ya biashara. Kwenye podikasti, Simmons alizoea kuanza na mechi ya jana, akapitia fainali ya mwaka 1986, akagusa filamu moja, kisha akarudi kwenye mechi. Ukimkata katikati, hoja yote inapotea. Alidumu misimu miwili tu.

Tatizo la pili lilikuwa mdomo. Septemba 2014, kwenye podikasti yake, alimwita kamishna wa ligi ya NFL, Roger Goodell, mwongo, kuhusu namna alivyoshughulikia sakata la mchezaji Ray Rice. Akaenda mbali zaidi, akawapa changamoto mabosi wake wamwadhibu kama wanaweza. Walimwadhibu: wiki tatu nje ya kazi.

Hapo ndipo dunia mbili zilipogongana. Msikilizaji wa podikasti anapenda mtu asiyepepesa maneno. Lakini ESPN ni kampuni inayolipa mabilioni ya dola kupata haki za kuonyesha mechi za NFL. Lugha inayompa mtu mashabiki kwenye podikasti inaweza kumkosanisha na mshirika mkuu wa biashara wa mwajiri wake.

Mei 2015 ESPN ikatangaza kwamba haitamwongezea mkataba. Miezi miwili baadaye HBO ikamdaka.

Kilichomkwamisha HBO

Kwa kumtazama tu ungesema kila kitu kimekaa sawa. HBO haina matangazo ya biashara. Haionyeshi mechi za NFL, kwa hiyo hakuna ligi ya kuogopa. Matusi yanaruhusiwa. Bado kipindi kikabuma, na sababu zake zinajieleza ukilinganisha kazi mbili alizokuwa akizifanya kwa wakati mmoja.

*Muda.* Kipindi kilikuwa cha nusu saa. Ndani yake kuna utangulizi wa Simmons mwenyewe, mahojiano na vipande vya video. Mgeni anapoanza kuchangamka, muda umekwisha. Kwenye podikasti, mara nyingi dakika 20 za kwanza ni za kupasha tu. Utamu unakuja baadaye, mgeni akishasahau kwamba anarekodiwa.

*Siku.* Habari za michezo zinachacha haraka. Msimu wa NFL ukianza, mechi nyingi zinachezwa Jumapili, na Simmons alikuwa anarekodi podikasti usiku uleule na rafiki yake wa siku nyingi, Cousin Sal. Hadi Jumatano usiku, wafuasi wake walikuwa wameshamsikia anasema nini. Kwa maneno mengine, kipindi chake cha runinga kilikuwa kinashindana na podikasti yake mwenyewe, na podikasti ilikuwa imetangulia siku tatu.

*Kamera.* Sikioni, Simmons ni mshikaji wako. Anasita, anacheka, anajirekebisha, na hayo yote yanamfanya aaminike. Mbele ya kamera alitakiwa asimame, atazame mbele na azungumze na watu asiowaona. Wakosoaji wengi walimwona mkavu, kama mtu aliyevaa suti ya kuazima. Hata toleo la kwanza lilikumbukwa zaidi kwa Affleck, aliyefoka kwa matusi mazito akimtetea Tom Brady wa New England Patriots kwenye sakata la mipira iliyodaiwa kupunguzwa upepo. Mwenye kipindi akafunikwa na mgeni wake.

*Hadhira.* Anayefungua podikasti ameichagua mwenyewe. Anajua utani wa zamani, anajua nani ni nani, na hahitaji kuelezwa. Runinga inamhitaji pia mtu anayepita tu na rimoti mkononi. Mtu huyo akikuta wanaume wawili wanacheka utani ulioanza miaka minane nyuma, anabadilisha chaneli. Ukimweleza kila kitu, mfuasi wa zamani naye anachoka. Kipindi kilikwama katikati ya watu hao wawili.

Kuna na jambo la ofisini. Michael Lombardo, bosi wa vipindi HBO wakati Simmons anasajiliwa, aliondoka Mei 2016, mwezi mmoja kabla kipindi hakijaanza. Kipindi kipya chenye watazamaji wachache kinahitaji mtu wa kukitetea ndani ya jengo, na aliyemleta hakuwepo tena.

Kipindi kilipofutwa, Simmons hakumsukumia mtu lawama. Alisema hadharani kwamba hakikuwagusa watazamaji kama walivyotarajia, na kwamba mzigo huo ni wake.

Hayuko peke yake

Oktoba 2017, ESPN ilijaribu tena njia hiyo. Iliwachukua Big Cat na PFT Commenter, watangazaji wa podikasti maarufu ya Pardon My Take kutoka kampuni ya Barstool Sports, na kuwapa kipindi cha usiku wa manane kiitwacho Barstool Van Talk.

Kilirushwa mara moja tu. Ndani ya wiki moja kikafutwa. Rais wa ESPN wakati huo, John Skipper, alisema walikosea kudhani wangeweza kukitenganisha kipindi hicho na yanayochapishwa kwenye tovuti ya Barstool. Hapa tatizo halikuwa muda wala kamera. Chaneli ilitaka mashabiki wa vijana wale, lakini haikutaka jina lililowakuza.

Pat McAfee, mchezaji wa zamani wa Indianapolis Colts, alipita njia tofauti. Alipoingia ESPN Septemba 2023, hakukubali kutengenezewa kipindi kipya. Alikuja na chake kilekile kilichokuwa kinavuma YouTube: saa nyingi, wenzake walewale, studio yake ya Indiana, na singlendi yake nyeusi. ESPN ilinunua haki ya kukirusha, lakini mwenye mali alibaki McAfee.

Haikuwa mteremko. Januari 2024 maneno ya mgeni wake, Aaron Rodgers, kuhusu mchekeshaji Jimmy Kimmel yalizua mzozo mkubwa, kwa sababu Kimmel anafanya kazi ABC, na ABC na ESPN zote ni za Disney. McAfee akaomba radhi hewani. Ni mgongano uleule wa Simmons wa mwaka 2014, ila safari hii mtangazaji alikuwa na kipindi mkononi, hivyo hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Je, Simmons alipotea?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanakosea wanaposema jogoo wa shamba hawiki mjini. Mwaka uleule wa HBO, Simmons alikuwa ameanzisha kampuni yake, The Ringer. Baada ya kipindi kufa, nguvu zote zikaenda huko, hasa kwenye podikasti.

Na HBO hawakuachana naye kabisa. Aprili 2018 ilionyesha filamu ya kweli kuhusu mwanamieleka André the Giant, Simmons akiwa miongoni mwa wazalishaji. Kumbe runinga yenyewe haikuwa adui. Nyuma ya kamera, ambako anachagua stori na kuipa muda wake, alikuwa anaiweza tangu enzi za 30 for 30.

Februari 2020, Spotify ikatangaza kuinunua The Ringer, kwa dili lenye thamani ya karibu dola milioni 200. Kilichonunuliwa kwa fedha hizo ni kilekile ambacho HBO ilishindwa kukihamishia kwenye skrini: watu wanaongea michezo bila haraka.

Kisha Oktoba 2025, Spotify na Netflix zikatangaza makubaliano ya kuonyesha podikasti za video kwenye Netflix kuanzia mwanzoni mwa 2026. Podikasti ya Bill Simmons imo kwenye orodha.

Miaka tisa baada ya HBO kumfungia kipindi, anarudi kwenye runinga za sebuleni. Safari hii hakuna aliyemtaka abanane kwenye dakika 30, wala asubiri Jumatano.