Kamera ya Sh119,712 au ya Sh508,776: Hesabu ya Mpiga Video wa Busia na Malaba

Sh119,712 na Sh508,776. Hizi ni gharama za seti mbili za kamera na lenzi. Ya kwanza ni Sony ZV-E10 pamoja na lenzi ndogo ya mm 16-50 inayouzwa nayo. Ya pili ni Sony A7 IV yenye lenzi ya Tamron ya mm 28-75. Mpiga video wa Busia au Malaba, ambaye riziki yake ni harusi, mazishi, mahafali na sherehe za vikundi, huambiwa kila mara kwamba ya pili ndiyo kamera ya kazi. Ni ghali mara 4.25 kuliko ya kwanza. Tofauti yenyewe ni Sh389,064, na ninachotaka kujua ni nani atakayeilipa.

Kwanza, nilivyozipata bei hizi. Nimechukua bei za Marekani siku bidhaa hizi zilipozinduliwa, zote mwaka 2021: dola 800 kwa ZV-E10 na lenzi yake, dola 2,500 kwa bodi ya A7 IV (yaani kamera bila lenzi), dola 900 kwa Tamron. Dola moja nimeihesabu kwa Sh129, kisha nikaongeza VAT ya Kenya ya asilimia 16. Ushuru wa forodha, usafiri na faida ya mwenye duka sikuviweka, kwa hiyo dukani utadaiwa zaidi ya hapo. Lakini nyongeza hizo kwa sehemu kubwa huhesabiwa kwa asilimia na huzipandisha seti zote mbili pamoja, hivyo ile mara 4.25 haisogei sana. Bei za 2021 pia zimezeeka: toleo la pili la ZV-E10 lilipotoka mwaka 2024, bodi peke yake ilianza kwa dola 1,000. Mwenye bei mpya mkononi aiweke mahali pa yangu. Njia ya hesabu ni ileile.

Anayeishi mpakani huuliza jambo moja kabla ya mengine yote: kwa nini nisivuke nikanunue Kampala? Kutoka Busia, Kampala iko yapata kilomita 200, ilhali Nairobi iko zaidi ya 400. Ushuru wa forodha kwa bidhaa za kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni wa pamoja tangu mwaka 2005, ingawa kila nchi hujiombea misamaha yake. VAT ndiyo haifanani: Kenya asilimia 16, Uganda 18. Seti ndogo, ambayo kabla ya VAT ni Sh103,200, inafika Sh119,712 upande wa Kenya na Sh121,776 upande wa Uganda. Kwa mujibu wa sheria, basi, Kampala ni ghali kwa Sh2,064. Ukiikuta huko kwa bei ya chini sana, sababu itakuwa nyingine: muuzaji amekubali faida ndogo, kamera imeshatumika, au kodi haikulipwa.

Sh2,064 zenyewe si nyingi, na wabadilishaji fedha pale mpakani wanaweza kuzimeza bila mtu kutambua. Tuseme kiwango ni shilingi 28 za Uganda kwa moja ya Kenya, nawe ukapewa 27.50. Kwa kubadilisha Sh119,712 umepoteza shilingi 59,856 za Uganda, yaani Sh2,138 za kwetu. Nauli ya kwenda na kurudi bado hujailipa.

Wengine wanautegemea utaratibu rahisi wa biashara, ule unaomruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha mzigo usiozidi dola 2,000. Seti ya dola 800 iko chini ya kiwango hicho, na hapo ndipo watu hujidanganya. Utaratibu huo ni wa bidhaa zenye asili ya kanda hii: mahindi, maharagwe, samaki na vitu vilivyotengenezwa huku. Kamera hizi hazitengenezwi Afrika Mashariki. Dola 2,000 haziwi kibali cha kuvusha Sony.

Kuna tarakimu inayoizidi mno hiyo ya mpaka, nayo ni tarehe ya kununua. Mwishoni mwa Januari 2024 dola ilikuwa imefika karibu Sh160. Miezi michache baadaye ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh130. Seti ya dola 800 kwa Sh160 ni Sh128,000. Kwa Sh129 ni Sh103,200. Hapo kuna Sh24,800, mara 12 ya tofauti ya VAT kati ya nchi hizi mbili. Aliyesubiri miezi mitatu aliokoa zaidi ya aliyevuka mpaka, mradi duka alikonunua lilishusha bei dola iliposhuka. Si kila duka hufanya hivyo, kwa sababu bidhaa iliyo rafuni iliagizwa kwa dola ya zamani.

Sasa kamera zenyewe. A7 IV ni ya aina ambayo wapiga picha huiita fulu fremu: kihisi chake, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, kina upana wa mm 35.9 na kimo cha mm 23.9. Cha ZV-E10 ni mm 23.5 kwa 15.6. Kwa eneo, la kwanza ni milimita mraba 858 na la pili 367. Kikubwa kinakusanya mwanga mara 2.34 zaidi ikiwa lenzi zimefunguliwa sawa. Kwa lugha ya wapiga picha, ambao huita kila maradufu ya mwanga stopu moja, hiyo ni stopu moja na robo. Ni faida ya kweli, lakini ni stopu moja na robo tu.

Lenzi hubadilisha kiasi cha mwanga zaidi ya kihisi. Uwazi wake huandikwa kwa namba ya f; kadiri namba inavyopungua ndivyo tundu linavyopanuka, na namba ikipanda mwanga hupungua kwa kipeo chake cha pili. Lenzi ya mm 16-50 inaanza na f/3.5 ikiwa pana na kuishia f/5.6 ikivutwa hadi mwisho. Chukua f/4.5 pale katikati, kwenye mm 30. Seti kubwa, kwa picha yenye upana unaokaribia huo, iko f/2.8: lenzi inaipa mwanga mara 2.6, kihisi mara 2.34, jumla mara 6. Kisha acha seti kubwa, baki na ZV-E10, uongeze lenzi moja tu, Sigma ya mm 30 yenye f/1.4, iliyoanza kuuzwa mwaka 2016 kwa dola 339. Kutoka f/4.5 hadi f/1.4 ni mara 10.

Ziweke pamoja. Sh389,064 za ziada zinakupa mwanga mara 6. Sh50,728 za ziada, VAT ikiwemo, zinakupa mara 10. Ningeliweka jambo hili mbele ya kila kijana anayekopa kwenye chama ili anunue bodi kubwa.

Lakini Sigma hiyo haina zumu, na hilo nalo lina hesabu yake. Ukiwa umbali wa mita 5 kutoka kwenye jeneza, lenzi ya mm 30 kwenye ZV-E10 inaona upana wa mita 3.9: padri, katekista na watu wawili wa familia. Lenzi ndogo ya mm 16 inaona mita 7.3, kundi zima la waombolezaji chini ya hema. Malaba ni vilevile. Lori la tela, tuseme la mita 17, linataka urudi nyuma mita 11.6 ukitumia mm 16, na karibu mita 22 ukitumia mm 30. Kando ya foleni ya malori, mita 22 za kurudi nyuma ni nadra kuzipata bila kuingia kibandani kwa mtu. Seti kubwa yenyewe, kwa mm 28 zake, inahitaji mita 13.3. Kwa upana, basi, lenzi ya bei rahisi kuliko zote ndiyo inayoshinda. Ndiyo maana sishauri Sigma peke yake. Nashauri zote mbili kwenye bodi moja: dola 1,139, ambazo ni Sh170,440 pamoja na VAT.

Na mwanga huo unahitajika saa ngapi? Mazishi ya Nambale au Amukura hufanyika mchana. Saa nane jua likiwa juu, f/5.6 inatosha na kubaki. Utakuwa unapunguza mwanga badala ya kuutafuta. Giza linakuja kwenye mkesha, kwenye kanisa lenye madirisha madogo, na kwenye karamu ya harusi iliyochelewa. Mpiga video ahesabu kazi zake za miezi sita iliyopita: ngapi zilipigwa baada ya saa kumi na mbili jioni? Ikiwa ni moja kati ya kumi, hata hizo Sh50,728 zinaweza kungoja.

Tatizo moja la usiku halina gharama yoyote kulitatua. Umeme wa Kenya na wa Uganda una mizunguko 50 kwa sekunde. Kamera iliyoletwa kutoka Marekani mara nyingi huwa kwenye fremu 30 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya 1/60, na chini ya taa nyingi za umeme wetu picha hupepesa. Badilisha iwe fremu 25 na shata ya 1/50. Nimewaona watu wakiilaumu lenzi kwa kosa hili.

Turudi kwa anayelipa. Hapa nalazimika kukisia, na msomaji aweke zake. Tuseme kazi moja inalipwa Sh25,000, na baada ya msaidizi, usafiri, mhariri na chakula kunabaki Sh10,000. Seti ndogo inarudisha mtaji wake kwa kazi 12. Yenye Sigma, kwa kazi 17 hivi. Seti kubwa, kwa kazi 51. Mwenye kazi 40 kwa mwaka anamaliza ya kati kwa takriban miezi mitano, na kubwa kwa zaidi ya miezi 15. Hizo kazi 40 zenyewe hazitawanyiki sawasawa: Desemba inajaa, na kuna miezi ambayo simu hailii.

Ili seti kubwa irudishe mtaji kwa kazi 17 kama ile ya kati, kila kazi ibakishe Sh29,928. Malipo yapande kutoka Sh25,000 hadi Sh44,928, nyongeza ya karibu asilimia 80. Mteja atakayepokea video hiyo kwa WhatsApp na kuitazama kwenye simu aombwe asilimia 80 zaidi, na tofauti anayoweza kuiona mwenyewe ni ndogo. Simjui mteja wa Adungosi au Bumala ambaye ningeweza kudai kwamba anapaswa kuilipa.

A7 IV ina mambo yake, na ni haki yatajwe. Inarekodi rangi kwa biti 10, ngazi 1,024 kwa kila rangi ya msingi, ilhali ZV-E10 ina biti 8, ngazi 256. Anayesahihisha rangi kwa kina ataiona tofauti hiyo. Inatuliza mtikisiko ndani ya bodi. Zaidi ya yote, ina nafasi mbili za memori kadi, hivyo kadi moja ikiharibika nyingine ina nakala. Jeneza halishushwi mara mbili, na mtu aliyepoteza video ya mazishi ya mzee wa watu hawezi kuwarudishia kwa pesa. Hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote kwa upande wa seti kubwa.

Hatari hiyo, hata hivyo, inaweza kununuliwa kinga kwa njia nyingine. Ongeza bodi ya pili ya ZV-E10, ambayo mwaka 2021 ilikuwa dola 700 bila lenzi. Jumla ya bodi mbili, lenzi ndogo na Sigma ni dola 1,839, yaani Sh275,188 pamoja na VAT. Una kadi mbili katika kamera mbili, kila moja ikipiga kwa upande wake. Moja ikizimika nusu ya ibada, nyingine inaendelea. Gharama yake ni hifadhi: kwa 4K ya megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ya kamera moja inakula gigabaiti 45, na ibada ya saa tano kwa kamera mbili inakula 450. Ukishuka hadi HD ya megabiti 50, zinakuwa 225. Nusu ya diski zako inategemea mpangilio huo mmoja wa menyu.

Baada ya bodi mbili, tofauti na seti kubwa bado ni Sh233,588. Kuna kazi chache zinazotaka fulu fremu kweli: kampuni ya Nairobi au Kampala inayokuja kupiga filamu fupi ya mpakani, au shirika linalodai biti 10 kwenye mkataba. Kwa hizo, kodi kamera. Tuseme kukodi ni Sh6,000 kwa siku: Sh233,588 hizo zinalipia siku 38 za kukodi, karibu kila kazi ya yule mwenye kazi 40 kwa mwaka. Kwa Sh12,000 zinalipia siku 19.