Paneli za jua kwenye ramani: nini tuandike, nini tuache



Mabwawa ya Ruzizi I na Ruzizi II yako mlangoni pa Bukavu. La kwanza linatoa umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950, la pili tangu 1989. Hata vile, ukipanda milima ya Kabare, Walungu ao Kalehe, vijiji vingi havina hata waya mmoja wa SNEL. Kule kila mutu anajitafutia: paneli moja juu ya manjanja, bateri moja ndani ya nyumba, taa mbili tatu na fasi ya kuchaji simu. SNEL inajua wateja wake kwa sababu inawapelekea fakture. Paneli hizi za jua, nani anazijua?

Swali kama hilo liliulizwa hata Uingereza, nchi ambayo umeme unafika karibu kila nyumba. Paneli nyingi ziliwekwa juu ya nyumba za watu. Wingu likipita, paneli zinapunguza nguvu, na wenye nyumba wanavuta umeme wa nchi wote kwa mara moja. Wasimamizi wa umeme walitaka kujiandaa, lakini hawakujua vizuri paneli ziko wapi. Ndipo watu wa kujitolea wa OpenStreetMap wakaingia kazini. Hiyo ni ramani ya bure iliyoanzishwa hukohuko mwaka 2004, na kila mutu anaweza kuongeza kitu ndani yake. Wengine walitazama picha zilizopigwa kutoka juu wakatia alama kila paneli waliyoiona. Wengine walitembea mitaani na simu mkononi. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza orodha iliyotokana na kazi hiyo: paneli za fasi zaidi ya 260,000.

Je, sisi tunaweza kufanya vile? Ndiyo, lakini si kwa njia ileile. Kule nyumba moja mara nyingi inabeba paneli kumi ao zaidi, na kutoka juu zinaonekana kama shuka nyeusi. Huku kwetu paneli ya wati 100 ina urefu wa karibu mita moja tu. Kwenye picha ya setilaiti inapotea kabisa kati ya manjanja. Tena wengi wanaianika asubuhi na kuirudisha ndani jioni. Kwa hiyo kazi yetu ni ya miguu: kupita, kuuliza, kuandika. Simu ya kawaida ya Android inatosha. Programu kama OsmAnd inaonyesha fasi ulipo hata bila intaneti, mradi ramani uliipakua mbele ukiwa fasi yenye mtandao.

Faida yake ni nini? Ya kwanza ni fundi. Koperative ikijua kwamba vijiji vinne vya jirani vina paneli nyingi, inaweza kuita fundi mmoja kwa siku moja, na gharama ya safari ikagawanywa. Ya pili ni bateri. Bateri za risasi zinachoka baada ya miaka michache, na ndani yake mna asidi na sumu inayoharibu udongo na maji. Tukiandika mwaka ziliponunuliwa, tutajua wakati wa kuagiza mpya kwa pamoja na kukusanya za zamani, zisitupwe mashambani. Ya tatu ni hesabu. Paneli kumi za wati 100 zinatoa wati 1,000 jua likiwa kali. Hizo zinatosha taa na simu nyingi, lakini mashini ya kusaga mahindi inahitaji mara kadhaa zaidi. Koperative yenye hesabu hiyo haitadanganywa na muuzaji, na ikienda kuomba msaada itasema inachokosa kwa namba.

Sasa tuje kwenye jambo zito. Ramani ya OpenStreetMap iko wazi kwa wote: mkulima, mwalimu, daktari, na pia mwizi na mwenye bunduki. Paneli ni mali inayobebeka. Katika Kivu yetu, kuandika kwamba nyumba fulani ina paneli na bateri mpya ni sawa na kumuonyesha mwizi mlango. Na tukumbuke hili: ukifuta alama kwenye ramani ile, historia yake inabaki na inaweza kusomwa.

Kwa sababu hiyo tunashauri madaftari mawili. La kwanza ni ramani ya wote: humo tutie tu fasi ambazo kila mutu anazijua tayari, kama kituo cha afya, masomo, ao pompi ya maji ya kijiji, na hata hizo tuwaulize kwanza wanaozisimamia. La pili ni kitabu cha koperative, kinachofungwa na ufunguo. Humo tuandike kwa kijiji, bila jina la mutu: paneli ngapi, wati ngapi (namba iko kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya paneli), bateri za mwaka gani, zinafanya kazi ao zimekufa. Picha za nyumba za watu tusipige. Na anayekataa kuhesabiwa aachwe kwa amani. Hana deni kwa mutu.

Katika mkutano wenu ujao, chagueni watu wawili wanaoaminika kwa kila kijiji, ikiwezekana mwanamke na mwanaume, kwa sababu mara nyingi mama wa nyumba ndiye anayejua saa gani taa inazimika. Waanze na kijiji kimoja. Baada ya mwezi, someni hesabu mbele ya wote, kisha muamue pamoja kama mutaendelea na kijiji cha pili.