Kupiga Windo Si Kusafisha: Laptopu Yako Imewekewa Mfumo Kutoka Wapi?

Laptopu ikianza kujivuta, ikachukua dakika nzima kufungua faili moja au ikarusha matangazo ambayo hakuna aliyeyaita, ushauri wa kwanza anaopewa mwenye nayo ni kuipeleka kwa fundi ikapigwe windo. Fundi huchomeka flashi yake, hufuta kilichokuwamo, huweka Windows nyingine, na baada ya muda mfupi laptopu inarudi nyepesi. Mwenyewe huondoka akiamini imesafishwa. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Wepesi peke yake hauthibitishi lolote. Hoja yangu ni kwamba usafi wa laptopu hautokani na kufutwa kwa diski tu, bali zaidi na mahali ulikotoka mfumo endeshi uliowekwa baada ya kufuta. Kwa hiyo kila anayenunua laptopu ya mtumba, na kila anayeshuku kuwa yake imeingiliwa, anapaswa kuiwekea mfumo uliopakuliwa moja kwa moja kutoka kwa waliouunda.

Wengi huuliza kwa nini isitoshe kuweka programu ya kupambana na virusi, ikamsaka adui na kumtoa. Jibu limo katika kazi yenyewe ya mfumo endeshi, ambao husimama kati ya vifaa vya laptopu na programu zote nyingine. Programu ikitaka kujua diski ina faili gani, huuliza mfumo, na huamini inachojibiwa. Programu hasidi iliyojipenyeza ndani kabisa inaweza kuyapotosha majibu hayo na kujiondoa kwenye orodha, mlinzi akapita mbele yake asiione. Mwaka 2005 mtaalamu wa Marekani, Mark Russinovich, aligundua kuwa baadhi ya CD za muziki za kampuni ya Sony BMG zilikuwa zikiingiza kwa siri, kwenye kompyuta za wasikilizaji, programu iliyoficha kila faili ambayo jina lake lilianza kwa alama $sys$. Watunga virusi hawakukawia kuzipa kazi zao majina ya namna hiyo ili nao wafaidi maficho hayo. Mfumo ulioingiliwa kiasi hicho hauwezi kuwa shahidi wa usafi wake wenyewe. Njia ya uhakika ni kuiwasha laptopu kwa mfumo ulio nje yake, kisha kuufuta wote ule wa ndani.

Kuna watakaosema kwamba Windows yenyewe ina amri ya kurudisha laptopu katika hali yake ya mwanzo, hivyo kuiwasha kwa flashi ni usumbufu wa bure. Amri hiyo inafaa pale tatizo linapokuwa dogo na laptopu ina historia inayojulikana. Udhaifu wake ni kwamba inaweza kurudisha pia kile ambacho muuzaji alikiweka tangu kiwandani, na kiwanda nacho hukosea. Kati ya Septemba 2014 na mwanzoni mwa 2015, kampuni ya Lenovo iliuza baadhi ya laptopu zikiwa na programu iitwayo Superfish, ambayo ilipachika matangazo ndani ya kurasa za intaneti. Ili ifanye hivyo hata kwenye kurasa zenye ulinzi, iliweka ndani ya Windows cheti chake cha kuaminiwa, na ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa uleule katika laptopu zote. Yeyote aliyeupata angeweza kuigiza tovuti ya benki na laptopu isishtuke. Kuiondoa programu hiyo kwa njia ya kawaida hakukutosha, kwa sababu cheti kilibaki palepale.

Hatari iliyo karibu zaidi nasi ni flashi inayozunguka kutoka laptopu moja hadi nyingine, ikiwa na nakala ya Windows ambayo hata fundi hajui nani aliitengeneza. Sisemi kwamba mafundi ni waovu. Wengi wao wanawahudumia watu kwa uaminifu kwa kile walichonacho. Lakini nakala za namna hiyo mara nyingi huandamana na kraki, yaani programu ya kuvunja leseni, ambayo kwa kawaida humtaka mtumiaji azime kwanza kinga ya Windows. Mwishoni mwa 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi waliotafuta kraki maarufu ya KMSPico walivyokuwa wakipata pamoja nayo CryptBot, programu inayoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Hapo mtu amelipa fundi aondolewe mwizi, na mwizi mwingine akafunguliwa mlango.

La kusikitisha ni kwamba gharama ya leseni ambayo watu hujaribu kuikwepa kwa kraki mara nyingi haipo. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, laptopu nyingi zinazouzwa zikiwa na Windows hubeba ufunguo wa leseni ndani ya bodi zake, na kuanzia Windows 10 leseni hutambuliwa kupitia intaneti kwa alama za laptopu yenyewe. Ukiweka upya toleo lilelile lililokuwamo kihalali, Windows hujithibitisha bila kudai chochote. Laptopu nyingi za mtumba zilikuwa za maofisi na zina haki hiyo tayari, lakini mnunuzi huwekewa kraki juu ya leseni aliyokwisha kuinunua.

Kazi yenyewe haihitaji kipaji. Hifadhi nyaraka na picha mahali pawili, usihamishe programu za zamani, na kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la Windows la kulinda diski, hakikisha unao ufunguo wake wa tarakimu 48. Kwenye kompyuta unayoiamini, pakua kutoka tovuti ya Microsoft programu iitwayo Media Creation Tool, nayo itatengeneza flashi ya kuwekea mfumo. Flashi iwe na angalau gigabaiti 8, na isiwe na kitu unachokihitaji maana itafutwa. Chomoa diski zote za nje, washa laptopu kwa flashi hiyo, ukitumia kitufe cha F12 kwa Dell na Lenovo nyingi au F9 kwa HP, kisha futa sehemu zote za diski ya ndani hadi ibaki nafasi tupu. Mfumo ukishakaa, masasisho yatangulie kila kitu. Nywila zibadilishwe baada ya hapo, si kabla, kwa kuwa zilizoandikwa kwenye mfumo wa zamani huenda zilishasomwa.

Pingamizi la bando ni la haki, kwani upakuaji huo hupita gigabaiti 5. Hata hivyo flashi moja iliyotengenezwa vizuri inaweza kuhudumia ukoo mzima, shule au ofisi ndogo. Gumu zaidi ni suala la laptopu za zamani. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0, ambacho laptopu nyingi za mtumba hazina. Kuweka upya mfumo usiopata tena masasisho ni kusafisha kwa muda tu. Kwa laptopu hizo njia bora ni Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure isiyohitaji kraki, ambayo matoleo yake ya muda mrefu hupata masasisho kwa miaka 5.

Ni kweli pia kwamba kufuta diski hakufiki kila mahali. Mwaka 2018 kampuni ya ESET ilitangaza kuigundua LoJax, programu hasidi iliyojificha katika chipu ya bodi na hivyo kunusurika hata diski ikibadilishwa. Mashambulizi ya aina hiyo ni nadra na huwalenga wachache. Kinachomhusu zaidi mnunuzi wa kawaida ni kufuli la usimamizi ambalo kampuni iliyomiliki laptopu huliacha ndani ya BIOS, yaani programu ya bodi inayoiwasha laptopu. Likaguliwe kabla ya kulipa, kwani mfumo mpya hauliondoi. Mipaka hiyo haipunguzi thamani ya kazi hii, kwa kuwa wezi wengi wa nywila hukaa kwenye diski, na huko ndiko inakowafikia.

Basi safari nyingine laptopu yako ikihitaji kupigwa windo, muulize fundi nakala hiyo imepakuliwa wapi na kama ina kraki. Akikosa jibu la wazi, mpe flashi uliyoitengeneza mwenyewe, au kaa chini uifanye kazi hiyo kwa mkono wako.