Usiniombe Nikufutie Ankara

Kila mwisho wa mwezi simu ni ileile: "Mtaalamu, nimekosea ankara na nimeshaiposti. Naomba uingie huko ndani unifutie tu." Kosa lenyewe ni lipi, hasemi. Wahasibu wengi wameshika imani kwamba ndani ya mfumo kuna kona ya siri ambako mtu wa IT akigusa mahali, kosa linakuwa halijatokea. Kona hiyo haipo. Iliyopo ni hifadhidata, na humo ankara haikai kipande kimoja kwamba nitaing'oa.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi. Mteja kabeba mifuko 12 ya saruji, kila mmoja shilingi 15,000 kabla ya VAT. Karani kaandika 120. Ankara ikasoma 1,800,000 badala ya 180,000. Alipoposti, mfumo uliandika huku na huku kwa mpigo mmoja: deni la mteja likapanda, mauzo yakapanda, akaunti ya VAT ikapokea 324,000 badala ya 32,400, stoo ikapungua mifuko 120, na thamani ya mifuko hiyo ikahamia kwenye gharama ya mauzo. Sasa nifute ipi? Nikiondoa ankara kwenye jedwali lake, stoo bado inasema mifuko 120 imetoka. Nikiondoa na ya stoo, leja kuu bado ina VAT. Mfumo uliojengwa vizuri utanikatalia. Uliojengwa ovyo utakubali, na huo ndio wa kuogopa: ukifika wakati wa kufunga hesabu, orodha ya wadaiwa haitalingana na leja, na aliyeomba kufutiwa atakuwa wa kwanza kusema mfumo mbovu.

Bado namba. Ankara 1041 ipo, 1043 ipo, 1042 haionekani. Mweleze mkaguzi. Na kama risiti ya EFD ilishatoka, taarifa zake zinakwenda TRA, na huko mimi sina mkono. Wanaonijibu "mbona fundi wa zamani alikuwa anatufutia" ndio haohao wanaoniita kusaka tofauti zisizo na mwenyewe.

Basi fanyeni hivi. Ankara ikiwa bado rasimu, hariri upendavyo. Ikishapostiwa, toa krediti noti inayotaja namba yake, kisha ingiza ankara sahihi. Hakikisha ni krediti noti inayorudisha mzigo stoo, maana mifumo mingi ina nyingine inayogusa pesa tu. Malipo yameshaunganishwa nayo? Yatenganishe kwanza. Mwezi umefungwa? Marekebisho yachukue tarehe ya mwezi ulio wazi, usiombe ufunguliwe. Umeandika mteja siye? Njia ni hiyohiyo. Na kuna makosa ya kuzuia kabla hayajaingia. Mnaopakia data kutoka Excel, safu za NIDA, TIN na simu zigeuzeni maandishi kabla ya kubandika: Excel inashika tarakimu 15, namba ya NIDA ina 20, kwa hiyo tano za mwisho zitageuka sufuri na hazirudi. Simu nazo zitapoteza sufuri ya mbele. Tarehe kama 03/04, angalieni kama kompyuta imewekwa mpangilio wa Marekani, isije Aprili ikawa Machi. Na ukinipigia, uwe na namba ya ankara pamoja na ujumbe wa kosa neno kwa neno. "Imegoma" si ujumbe.