Mistari Inayomlinda Mgonjwa

Ukitazama kopo la maziwa au karatasi ya sabuni, utaona mistari myeusi, mingine myembamba, mingine minene, imepangwa pamoja. Mistari hiyo ni namba, iliyoandikwa kwa namna ambayo mashine yaweza kuisoma. Ilianza kutumika dukani mwaka 1974 katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, huko Marekani. Siku hizi hulinda pia uhai wa watu hospitalini. Natutazame jinsi ifanyavyo.

Mwuguzi mmoja huwa na wagonjwa wengi, na kila mgonjwa ana dawa zake. Vidonge hufanana, chupa hufanana, hata majina ya watu hufanana. Kwa hiyo mwuguzi hufundishwa kujiuliza mambo matano: Je, mgonjwa ndiye huyu? Dawa ndiyo hii? Kipimo ndicho hiki? Njia ya kuitoa ndiyo hii? Saa yake ndiyo hii? Lakini mwanadamu huchoka, na zamu ya usiku ni ndefu. Akikosea, dawa yaweza kugeuka sumu.

Mwaka 1992 Sue Kinnick, mwuguzi wa hospitali ya askari wastaafu mjini Topeka, jimbo la Kansas, alimwona mtumishi wa kampuni ya kukodisha magari akisoma alama ya gari kwa chombo kidogo cha mkononi. Akatambua ya kuwa kilichofaa gari chaweza kumfaa na mgonjwa. Alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1994, lakini wenzake hawakuiacha kazi hiyo, hata ikaenea katika hospitali za askari wastaafu nchini mwote.

Kazi yenyewe ni hivi. Mgonjwa huvikwa bangili yenye mistari, na kila dawa ina mistari yake. Mwuguzi huisoma bangili kwa chombo chake, kisha dawa. Kompyuta huyalinganisha hayo na agizo la daktari. Yasipopatana, humwonya mwuguzi kabla mgonjwa hajameza kitu.

Je, yafaa kweli? Watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's, mjini Boston, walitazama dawa zikitolewa mara 14,041, wakatangaza matokeo mwaka 2010. Mistari isipotumika, makosa, mbali na yale ya saa, yalikuwa 11.5 katika kila mia. Ilipotumika, yalikuwa 6.8. Makosa yaliyoweza kumdhuru mgonjwa yalipungua kutoka 3.1 hata 1.6.

Angalieni, yalipungua, hayakwisha. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2008, ulionyesha sababu moja. Pengine bangili huchakaa, au chombo huishiwa na nguvu ya umeme. Basi wauguzi wengine walibandika nakala ya mistari ya mgonjwa mlangoni au penginepo, wakaisoma hapo pasipo kumkaribia mwenyewe. Mashine ikasema ni sawa, kwa kuwa haijui ila kile ilichoonyeshwa.

Basi, mtoto, ukilazwa hospitalini na mwuguzi akikuuliza jina lako mara ya tatu, usiudhike. Mjibu vema, na akikuletea dawa usiyoizoea, muulize kwa adabu ni dawa gani. Nawe pia wamsaidia kukulinda.