Mpaka wa Bodi ya Sakiti

Manundu ni kata ya mji wa Korogwe, mkoani Tanga. Kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, redio iliyonyamaza haitupwi upesi. Hupelekwa kwa fundi. Mara nyingi dosari huwa ndogo: waya umekatika, au kapasita imekufa. Lakini hutokea pia kwamba bodi yenyewe ya sakiti imepasuka au imeungua, ilhali kasha na spika vingali vizima, na bodi ya umbo lile haipatikani tena dukani. Je, redio hiyo imefikia mwisho wake?

Si lazima. Siku hizi fundi mwenye kompyuta aweza kusanifu bodi mpya na kuagiza itengenezwe kiwandani. Programu moja itumikayo sana kwa kazi hiyo, KiCad, ilianzishwa na Jean-Pierre Charras huko Ufaransa mwaka 1992, nayo hutolewa bure. Hata hivyo, bodi mpya isipoingia ndani ya kasha la zamani, sakiti iliyo bora kabisa haitafaa kitu. Kwa hiyo kazi huanza na umbo la nje la bodi, yaani mpaka wake.

Bodi ni nini

Bodi ya kawaida ni kipande cha nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu, chenye unene wa milimita 1.6, kilichobandikwa utando mwembamba wa shaba. Shaba isiyotakiwa huondolewa kwa kemikali, na ile inayobaki huwa njia za umeme. Aliyeukuza ufundi huu ni Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Vienna aliyehamia Uingereza mwaka 1936 na kuomba hataza mwaka 1943. Kabla ya hapo redio ziliunganishwa kwa waya mmoja mmoja.

Mpaka ni amri ya kukata

Katika kompyuta bodi huchorwa kwa matabaka: njia za shaba zina tabaka lake, maandishi yana lake, na mpaka una lake. Mstari wa mpaka hausafirishi umeme. Kazi yake ni kukionyesha kisu kidogo kinachozunguka kwa kasi kule kiwandani mahali pa kupita.

Mkulima apandaye safu ya mkonge kuzunguka shamba lake huanza kwenye kona moja na kurejea pale pale alipoanzia. Mpaka wa bodi nao hudai hivyo. Pakibaki pengo, hata lile lisiloonekana kwa macho, kompyuta haiwezi kutambua ndani ni wapi na nje ni wapi. Mstari ukijikata wenyewe, au ukichorwa mara mbili mahali pamoja, matata ni yale yale.

Kurekebisha umbo

Fundi hupima kwanza bodi iliyokufa kwa kalipa: urefu, upana, matundu ya skrubu, na sehemu zilizokatwa ili kupisha spika na betri. Kisha huchora mstatili na kuubadili hatua kwa hatua. Kila kona ina namba mbili zinazoonyesha mahali ilipo. Kuisogeza kwa kipanya ni rahisi, lakini kuandika namba zenyewe ni hakika zaidi. Panapotakiwa nafasi ya spika, sehemu ya mstari mnyofu huondolewa na tao huwekwa badala yake. Ncha zake sharti ziguse barabara ncha za mistari jirani.

Mambo matatu yataka uangalifu. Kwanza ni vipimo: inchi moja ni milimita 25.4, na mchoro uliopokewa kwa kipimo kisicho chake huweza kukua au kusinyaa kwa kiasi hicho. Pili ni kona za ndani: kisu chenye kipenyo cha milimita 2 hakiwezi kukata kona ya ndani iliyo kali, bali huacha mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 1. Tatu, njia za shaba zisikaribie mno ukingo; yafaa kuacha kama nusu milimita, kisu kisije kikazijeruhi.

Jaribio la karatasi

Bodi nyingi za namna hii hutoka viwanda vya ng'ambo, hasa China. Kosa la milimita moja hurudi Korogwe baada ya siku nyingi, likiwa limekwisha kulipiwa nauli, nalo halina marekebisho. Kwa sababu hiyo, baada ya kuiamuru programu ikague mpaka, fundi mwangalifu huchapa umbo hilo katika ukubwa wake halisi, hulibandika juu ya karatasi ngumu, hulikata kwa mkasi na kulitia ndani ya kasha. Skrubu zikiingia kwenye matundu yake na kifuniko kikafunga bila kulazimishwa, agizo laweza kupelekwa. Zisipoingia, hasara ni karatasi moja tu.