Mary Kom: Mama wa pacha aliyerudi ulingoni na kuzoa dhahabu

BABAKE aligundua siri kupitia gazeti.

Ilikuwa mwaka wa 2000 katika jimbo la Manipur, kaskazini mashariki mwa India. Mzee alikuwa akilima mashamba ya wenyewe, na alijua bintiye yuko mjini Imphal akifanya mazoezi ya riadha. Kumbe mwanadada alishaacha mbio na mkuki, akahamia ndondi bila kusema nyumbani. Picha yake kama bingwa wa jimbo ilipotokea gazetini, mzee alikuja juu. Nani ataoa msichana aliyevimba uso?

Msichana huyo ni Mary Kom, bondia wa ridhaa aliyeshinda dhahabu sita za Mashindano ya Dunia.

Aliyemwasha moto ni Dingko Singh, bondia wa Manipur aliyetwaa dhahabu kwenye Michezo ya Asia mwaka wa 1998. Miaka mitatu baadaye, Kom akapata fedha katika Mashindano ya Dunia nchini Marekani. Halafu akaanza kuzoa dhahabu: 2002, 2005 na 2006.

Mwaka wa 2007 akajifungua pacha wa kiume. Kwa wanamichezo wengi wa kike, hiyo huwa kama kengele ya raundi ya mwisho. Si kwake. Mumewe, Onler, alibaki na watoto, mama akarudi kambini. Novemba 2008, jijini Ningbo, China, akanyakua dhahabu ya nne. Ya tano ikafuata mwaka wa 2010.

Shida nyingine ilikuja kwenye Olimpiki. Ndondi za wanawake ziliruhusiwa mara ya kwanza London 2012, tena kwa uzani wa aina tatu pekee: kilo 51, 60 na 75. Kom alizoea kilo 46 na 48, kwa hivyo uzani wake haukuwepo kabisa. Ungefanyaje? Yeye alipanda hadi kilo 51, akakabili wapinzani wenye miili mikubwa kumliko. Alifika nusu fainali, akazimwa na Mwingereza Nicola Adams, aliyeibuka bingwa. Akarudi nyumbani na shaba.

Mtoto wa tatu alizaliwa 2013. Mwaka uliofuata, Kom akashinda dhahabu ya Michezo ya Asia.

Aprili 2018 alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Gold Coast, Australia. Ni kwenye michezo hiyo hiyo ambapo Christine Ongare alikuwa Mkenya wa kwanza wa kike kushinda medali ya ndondi ya Madola, shaba ya kilo 51. Novemba mwaka huo, jijini New Delhi, Kom akaongeza dhahabu ya sita ya dunia.

Safari yake ya Olimpiki ilikatikia Tokyo mwaka wa 2021, alipopoteza pigano la raundi ya pili kwa kura 3-2 za majaji.

Ni rahisi kusema mwanadada huyu ana roho ya chuma. Ni kweli, lakini chuma hakibadilishi nepi. Kila alipokuwa kambini, kulikuwa na mtu nyumbani aliyeamka usiku watoto walipolia.

Kwa hivyo, vijana, mkimwona dada mtaani akirudi mazoezini baada ya kujifungua, msimuulize kama ataweza. Muulizeni nani atamshikia mtoto. Na kama baba ya mtoto ni wewe, jibu unalo.